Taa ya Chumbageni, seva ya Ulaya: ubongo wa nyumba ukae wapi?

Umekaa sebuleni kwako Chumbageni, unabonyeza simu kuwasha taa iliyo juu ya kichwa chako. Kama taa hiyo ni ya zile za waifai za bei nafuu zilizojaa madukani siku hizi, kuna uwezekano mkubwa kuwa amri yako haikwenda moja kwa moja kwenye taa. Imetoka kwenye simu ikapita kwenye ruta, ikashika mkongo hadi Dar es Salaam, ikaingia baharini, ikafika kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni inayoendesha mfumo wa taa hiyo, pengine Ulaya. Seva ikakutambua, ikakubali, ikarudisha amri mpaka kwenye balbu. Yote hayo humalizika kabla hujapepesa jicho mara mbili, ndiyo maana wengi hawajui kuwa safari hiyo ipo. Huijua siku inapokatika katikati.

Sisi tunaopenda vifaa hivi vya nyumba janja, vinavyoongozwa kwa simu, hapa Tanga tumegawanyika kwenye jambo hili. Wapo wanaosema nunua kifaa cha bei unayoimudu, pakua programu yake, unganisha, endelea na maisha. Seva iko wapi si kazi yako. Wapo wanaosema kifaa kisichofanya kazi bila ruhusa ya kampuni ya ng'ambo hujakinunua, umekikodi, na mwenye nyumba anaweza kukufukuza wakati wowote. Mimi naegemea upande wa pili. Lakini upande wa kwanza una hoja nzito kuliko wenzangu wanavyotaka kukubali, na nadhani haki itendeke kwao kwanza.

Tazama nyumba za Ngamiani, hizo barabara zetu za namba. Nyingi zimebaki na wazee. Watoto wako Dar, wako Mombasa, wako Muscat. Mtoto aliye Muscat hataki nyumba janja ili ajionyeshe kwa wageni; anataka kujua kama geti limefungwa, kama pampu imewaka, kama mama ameamka. Kwake yeye seva ya mbali ndiyo faida yenyewe, kwa sababu ndiyo inayomfikisha nyumbani. Tena kumfikisha bila seva ya katikati si kazi nyepesi. Intaneti ya simu, ambayo ndiyo wengi tunayoitumia majumbani, kwa kawaida humpa mteja anwani ya mtandaoni anayochangia na wateja wengine wengi, hivyo huwezi kubisha hodi kwenye ruta ya nyumbani kutoka nje. Lazima uwe na njia ya kuzunguka, na njia hizo zinataka maarifa au malipo ya kila mwezi. Programu ya bei nafuu imekutatulia hilo bure, kwa dakika chache, bila fundi. Anayelidharau jambo hilo hajawahi kumwelekeza shangazi yake kwa simu namna ya kuunganisha soketi.

Sasa hoja ya upande wangu. Anayedhani hofu ya seva kuzimwa ni ya kufikirika aangalie yaliyokwisha kutokea. Mei 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ilizima seva za Revolv, kituo cha kuendeshea nyumba kilichouzwa kwa dola 299. Waliokinunua walibaki na boksi lisilofanya lolote. Aprili 2022 Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila hata kuwaaga wateja, mpaka kikundi cha wateja hao hao kilipoichukua na kuifufua miezi miwili baadaye. Na hapo kuna jambo la kuzingatia: swichi za Insteon za ukutani ziliendelea kuwasha taa kwa mkono siku zote hizo. Kilichokufa ni programu ya simu. Watu walikasirika, ila hawakukaa gizani. Oktoba 20, 2025 hitilafu ilipozipata seva za Amazon zilizoko Virginia, kengele za milango za Ring zilikatika, na vitanda vya Eight Sleep, vile vinavyopasha na kupoza godoro, viliwagomea wenyewe usiku.

Hayo ni ya kwao. Ya kwetu ni kwamba Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwa pamoja huko kusini, pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Kisha kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Intaneti kukatika si umeme kukatika. Taa ina moto, ruta inawaka, waya ni mzima, simu ina chaji, na bado taa haisikii kwa kuwa seva haipatikani. Sijali sana mtu akikosa kubadilisha rangi ya balbu siku kama hiyo. Najali sana akikosa kufungua geti la umeme huku ana mgonjwa ndani.

Mfano bora wa hoja hii tunao ukutani miaka mingi, wala hatuuhesabu katika nyumba janja: mita ya umeme ya LUKU. Unanunua umeme kwa simu, unapewa tarakimu 20, unaziingiza kwa kidole. Ndani ya tarakimu hizo mna kiasi cha uniti na alama ya wakati tokeni ilipotolewa, vimefungwa kwa ufunguo unaojulikana na mita yako na mfumo wa shirika la umeme, TANESCO, tu. Mita haimuulizi mtu. Inafungua kwa hesabu yake yenyewe. Tokeni ya jirani inaikataa, tokeni iliyokwisha kutumika inaikataa pia. Haihitaji bando wala waifai. Utaratibu huu, unaoitwa STS, ulitokea Afrika Kusini miaka ya 1990 na sasa unatumika katika nchi nyingi.

Hata kuboreshwa, mita hizi ziliboreshwa bila mtandao. Alama ile ya wakati ilikuwa ikihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Baada ya hapo mita isiyoboreshwa isingepokea tokeni mpya. Ndiyo maana mwaka ule mteja aliponunua umeme alipewa makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kuiweka sawa mita na la tatu la umeme wenyewe. Tarakimu sitini kwenye vile vitufe vidogo! Watu walikosea, wakarudia, wajukuu wakaitwa kusoma namba kwa sauti huku bibi akibonyeza. Lakini kazi ilifanyika nyumba kwa nyumba, kwa mkono, bila intaneti. Nitajieni kampuni ya balbu janja inayoweza kusema hivyo baada ya miaka thelathini.

Upande wa kwanza watanijibu kwamba kununua uniti kunategemea mfumo wa katikati, na ni kweli. Mei 2021 mfumo wa manunuzi ulipopata hitilafu kwa siku kadhaa, foleni zilijaa kwenye ofisi za TANESCO nchini. Ila angalia yaliyotokea majumbani: mwenye uniti aliendelea kuwa na taa. Kosa la katikati halikuingia ndani ya nyumba mara moja, lilikupa muda. Huo ndio mpaka ninaoutetea. Cha mbali kifanye mambo ya mbali, cha ndani kibaki ndani.

Kwa vifaa vya nyumbani mpaka huo unajengeka. Programu maarufu ya kuviongoza vifaa kutoka humo humo ndani ya nyumba ni Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Mholanzi Paulus Schoutsen, na tangu 2024 iko chini ya taasisi isiyo ya biashara, Open Home Foundation. Ni programu huria, haiuzwi. Wengi huiweka kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2012. Kwa Tanga mimi napendekeza kitu kingine: kompyuta mpakato ya mtumba. Hata kioo kiwe kimepasuka haidhuru. Ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika haizimiki papo hapo, na diski yake ni ngumu kuharibika kuliko memori kadi, ambayo haipendi kabisa umeme wa kukatika na kurudi. Juu yake unachomeka kijiti cha Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani, na swichi, sensa na soketi zote zinazungumza nacho humo humo ndani. Vile vyenye umeme wa kudumu hupokezana ujumbe, hivyo hata nyumba ndefu yenye kuta nene inaenea. Simu ikiwa ndani ya nyumba inaongea na kompyuta hiyo moja kwa moja.

Wakubwa nao wamesogea. Utaratibu wa Matter, uliotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2022 na kuungwa mkono na Apple, Google, Amazon na Samsung, unataka kifaa kiweze kuamriwa ndani ya mtandao wa nyumbani bila kupita nje. Kwa hiyo si kweli tena kwamba kudai udhibiti wa ndani ni ushabiki wa watu wachache wa kompyuta.

Basi mbona sisemi kila mtu aweke Home Assistant? Kwa sababu ya jambo ambalo upande wetu hatulisemi kwa sauti. Programu hii hutoa toleo jipya kila mwezi, na mara kwa mara toleo jipya huvunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Kwa anayeipenda kazi hiyo ni raha ya jioni. Kwa nyumba nzima ni utegemezi kwa mtu mmoja. Tumeikataa kampuni ya ng'ambo, tukamweka kijana wa nyumbani mahali pake, na kijana naye huondoka.

Namjua mmoja aliyeifunga nyumba yote ya wazazi wake kwa ustadi mkubwa. Taa za uani zilijiwasha magharibi ikiingia, pampu ilijiendesha, hata feni ya chumba cha baba ilipungua yenyewe kuelekea alfajiri. Akapata kazi Dodoma. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi, ukakatika tena ukarudi, na memori kadi ikafa. Taa za uani zikakaa zinawaka mchana na usiku kwa kuwa aliyezifunga hakuweka swichi ya kawaida ya kuzizimia. Mzee alisubiri, akapiga simu, akasubiri tena, mwishowe akamwita fundi wa mtaa. Fundi akang'oa kila kitu akarudisha swichi za zamani. Simlaumu fundi hata kidogo. Alikuwa mtu wa kwanza katika habari ile yote kumpa mzee taa anayoweza kuizima mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza kipimo changu, ni kigumu kwa pande zote mbili. Zima ruta: je, taa inawaka? Kisha zima hiyo kompyuta yako uipendayo: je, taa bado inawaka kwa swichi ya ukutani, ile ile ambayo mgeni yeyote ataipapasa gizani mlangoni? Kifaa kinachofeli swali la kwanza ni cha kampuni. Kinachofeli la pili ni cha kijana. Na kuna swali dogo la tatu ambalo wauzaji hawaulizwi: umeme ukirudi saa nane usiku, balbu inarudi katika hali gani? Nyingi hurudi zikiwaka kwa nguvu zote na kuamsha watoto. Hata Philips Hue, walio ghali kuliko wengi, walichukua miaka kadhaa kabla ya kumpa mtu nafasi ya kuchagua, mwishoni mwa 2018.

Kamera ni habari ya peke yake, maana hapo si taa inayosafiri, ni sura za watu. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na mashine za kurekodia zilizoachwa na nywila za kiwandani, vikazitumia kushambulia mitandao, na Oktoba 21 mwaka huo tovuti nyingi kubwa za Marekani hazikufunguka. Waliokuwa na kamera hizo hawakujua lolote. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni hatua kubwa, lakini sheria haiwezi kukubadilishia nywila.

Ila hoja iliyonigusa zaidi sikuisikia kwa mtaalamu. Mama mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili alifungiwa kamera na mwanawe, kwa mapenzi kabisa, ikitazama uani. Mama akamuuliza mwanawe kwenye simu, "Mwanangu, nikae na mtandio uani kwangu mwenyewe, kisa hicho kidude?" Nyumba zetu za pwani zina mpangilio wake. Barazani ni pa wote, sebuleni ni pa wageni, uani ni pa wenyewe, na mwanamke anapofika uani huwa amefika kwake. Kamera ya uani inaivunja sitara hiyo hata kama hakuna anayetazama. Na kama picha zinahifadhiwa kwenye seva ya mbali, hakuna nyumbani anayeweza kuapa kuwa hakuna anayetazama. Hapa nasimama upande mmoja bila kuyumba: kamera iwe nje ya geti, irekodi kwenye kadi au mashine iliyo ndani ya nyumba, basi.

Lakini mtoto bado anataka kujua kama mama ameamka, na ana haki. Hapo ndipo teknolojia ya adabu inapopatikana. Weka soketi inayopima umeme kwenye birika la chai, au sensa ndogo ya sumaku kwenye mlango wa jikoni. Mfumo wa ndani ya nyumba unaijua asubuhi ya kawaida. Birika likichemka, hakuna tahadhari; mfumo hutuma tu salamu moja ya kila siku kusema wenyewe ni mzima. Ikifika saa tatu asubuhi na birika halijaguswa wala mlango haujafunguliwa, unatoka ujumbe mmoja kwenda Muscat: piga simu. Hakuna sura iliyosafiri. Intaneti ikikatika mama anaendelea kunywa chai yake, na mtoto, akiona hata ile salamu ya kila siku haikuja, atampigia jirani. Huu ndio mfano ninaowapa wanaosema mambo haya ni anasa ya watu wa Masaki na Mbezi Beach.

Vifaa vya maji havihitaji mjadala mrefu. Kuzuia tanki lisimwagike na pampu isiungue kwa kuvuta hewa ni kazi ya boya la umeme, chini na juu, bila programu yoyote. Lipo miaka nenda rudi. Anayekuuzia pampu ya kuongozwa kwa simu akuonyeshe kwanza boya limefungwa. Programu iongezwe juu ya boya ikusaidie kujua maji yanakwenda wapi, isichukue nafasi yake. Na vyote vya nje vifungwe kwenye boksi linalozuia maji, maana upepo wa chumvi wa Raskazone hula miguu ya saketi polepole hata pasipo mvua.

Kilichobaki ni waya, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Swichi janja nyingi hutaka nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, kwa sababu zenyewe zinakula umeme muda wote hata taa ikiwa imezimwa. Nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza: nyutro inaishia juu ya dari, kwenye boksi la swichi inashuka laini, yaani waya wa moto, na kurudi laini. Ukimkabidhi fundi swichi ya aina hiyo, yupo atakayekwambia haiwezekani, na huyo ni mkweli. Yupo pia atakayeshika ethi aifanye nyutro. Taa itawaka, atalipwa, ataondoka, na tangu siku hiyo waya uliowekwa kukukinga utakuwa unapitisha umeme. Ethi ikilegea mahali, bodi ya chuma ya friji au ya mashine ya kufulia inaweza kukupiga. Zipo swichi za Zigbee zisizotaka nyutro, na vipo vidude vya kufunga juu ya dari nyuma ya taa, swichi ya kawaida ikabaki ukutani. Hivyo vya pili ndivyo navipenda, kwa sababu vinalijibu lile swali la swichi ya mgeni.

Kwa anayejenga sasa hivi Kange, Mikanjuni au Pongwe, jambo ni rahisi zaidi. Kabla plasta haijapigwa, mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi na aweke boksi zenye kina. Gharama yake ni waya wa ziada na nusu siku ya kazi. Swichi za kuanzia ziwe za kawaida kabisa, na uamuzi wa Zigbee, Matter au chochote kitakachokuja usubiri mpaka uhamie na ujue ni taa zipi hasa unazozisahau.